Wigi Lisilo na Mstari wa Mbele

Saa nne asubuhi, Mama Nywele ana pini tatu mdomoni. Mbele yake kuna wigi lililovishwa kwenye kichwa cha sponji. Anashona nywele kidogo kidogo kwenye wavu wa utosini, kisha anazivuta taratibu kuona kama zimeshika.

Mlango unafunguliwa. Muuza dawa wa mtaa wa pili ameleta wigi lake lioshwe. Mama Nywele anatema pini kiganjani.

"Ijumaa litakuwa tayari, shoga. Nikujulishe kwa baruapepe?"

"Nijulishe."

"Na nikipunguza bei, nikuandikie pia? Ukikataa, wigi lako litaoshwa vilevile."

Mteja anacheka. "Makubwa! Tangu lini fundi akaomba ruhusa ya kumsumbua mtu?"

"Tangu nilipoumbuka."

"Haya, za bei niandikie. Hizo za kunitakia Jumatatu njema mpelekee mumeo."

"Mume wangu ana kipara, mwenzangu. Atanunua nini?"

Anaandika anwani, anamsomea mteja, kisha anamtumia ujumbe kwenye anwani hiyo. Mpaka mteja mwenyewe aufungue na kubonyeza kwamba amekubali, jina lake haliingii kwenye orodha ya matangazo.

Zamani hakuwa makini hivi. Wateja zaidi ya mia mbili walimwachia anwani kwa jambo moja tu: waambiwe kazi ikiisha. Mwaka jana biashara ilipolala, alizikusanya zote, akaandika tangazo moja, akazipanga zote kwenye mstari mmoja wa wapokeaji na kulituma. Kila aliyelifungua aliziona anwani za wenzake wote.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Chai haijapoa, simu zikaanza."

Mmoja wao alikuwa mwalimu ambaye ugonjwa ulimmaliza nywele, zisiote tena. Kwa miaka mingi alikuwa akija duka likishafungwa, akipitia mlango wa nyuma. Katika mstari uleule kulikuwa na anwani ya mwalimu mwenzake, aliyewahi kununua wigi la kwendea harusini. Wiki haikuisha kabla chumba kizima cha walimu hakijajua.

Mama Nywele alimpigia simu kumwomba radhi.

"Aliniacha nimalize. Kisha akasema, 'Dada, nilikupa anwani uniambie wigi likiwa tayari. Hukuniuliza kama unaweza kunianika. Sasa usinipigie, usiniandikie.' Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Siku hiyo alizifuta anwani zote, akaanza upya na orodha tupu. Mpaka sasa waliokubali ni thelathini na wanne. Mdogo wake, anayemsaidia kuosha mawigi, humtania: "Dada, kwa mwendo huu utafikisha mia ukiwa huna jino."

"Nitawaandikia bila meno," humjibu.

Wigi lililo kwenye sponji ni la mwalimu. Aliliacha kwa matengenezo siku chache kabla ya tangazo lile. Mama Nywele hulichana ili lisisokotane, na nywele zinapolegea huzishona upya. Kimebaki kitu kimoja: mstari wa mbele, pale nywele zinapokutana na paji la uso.

"Huo siwezi kuushona kwenye sponji," anasema. "Mwenyewe lazima aketi hapa, nione paji lake linavyopinda. La sivyo, kila mtu atajua ni wigi."

Kwa nini asimwandikie mara moja tu, amwambie linamngoja?

"Alisema nisimwandikie."

Na kumtuma mtu?

"Nimtume nani? Nimwongezee mwingine wa kujua?"

Anachotumaini ni kwamba mwalimu atakuja kwa miguu yake. Akija, anasema, hatamsemesha mengi. Atamvutia kiti, afunge pazia, ashike sindano.

Jioni anatunga uzi kwenye sindano, anaichomeka pembeni mwa paji la sponji, mahali ambapo mstari ungeanzia, na kulifunika wigi kwa kitambaa safi. Mdogo wake anaaga. Mama Nywele anafunga mlango wa mbele kwa kufuli.

Ule wa nyuma anaurudishia tu, kisha anaketi.