Mwendo wa Babu

Jirani anachemsha lengalenga, na harufu yake ya majani mabichi imenirudisha Kalunguta, katika jiko la watu waliotupokea tulipokimbia vita Beni.

Mikono ya babu ilikuwa ikitetemeka tangu zamani. Daktari alisema ni Parkinson. Hata kumeza kulimpa taabu. Nyumbani alikula taratibu kwenye sahani yake. Pale tulikuwa watu kumi kwenye sahani moja, na sisi watoto tulikula mbio. Babu akaanza kusema ameshiba kabla hajala. Mkanda wake ukatobolewa tundu jipya.

Siku moja nyanya, mke wa babu, alipika lengalenga mpaka zikalainika kabisa, akaponda maharagi, akakata paipai vipande vidogo kama kucha, ili tumbo la babu lililofunga lifunguke. Kisha akaipakata sahani ya wote.

"Leo hapana mutu anakula mbio," alisema. "Tunafwata mwendo ya mzee. Yeye akimeza, na sisi tunameza."

"Lakini nyanya, niko na njaa!" nililalamika.

"Njaa hapana kuua mutu mbele ya sahani."

Mwenye nyumba mwenyewe akarudisha tonge lake, akangoja. Tukala tukitazama koo la babu. Hakuna aliyecheka kijiko kilipogonga meno yake. Nyanya hakumlisha hata mara moja; alishika tu ukingo wa sahani isiteleze.

Sahani ilipokwisha, babu alifuta kidevu, akamtazama mke wake.

"Mama," akauliza akionyesha chungu, "mu chungu hapana kubakia kitu?"