Fundi Aliyeng'oa Mpini wa Bomba

Saa mbili asubuhi, msumeno wa mawe unanguruma karakanani na Bi Patasi amesimama kando ya bomba, kidevu juu. Maji yanamwagika juu ya jiwe, yanageuka uji wa kijivu na kulowesha viatu vya kila mtu. Bomba halina mpini. Uko mfukoni mwa aproni yake.

"Anayetaka kuyafunga aje auchukue huku," anasema. Ananipa kiwiko badala ya mkono. "Vidole vinauma, mgeni. Salamu zimefika."

Jina la Patasi amebatizwa na mafundi wenzake, kwa miaka ishirini na miwili ya kuchonga maandishi ya makaburi na kukata mawe ya kaunta za jikoni.

Bomba lilikuwepo siku zote. Mafundi ndio waliolifunga, maana maji yalifuta mstari wa chaki, jiwe likakatwa upogo, lawama zikamwangukia fundi.

"Tukakata kikavu, vumbi likatimka bila maji ya kulituliza. Tukitoka hapa weupe kama tumeangukia pipa la unga, tunachekana. Kumbe tunachekea maradhi!"

Kikohozi alikizoea. Vidole vilimshinda. Asubuhi vilivimba na kukaza, kwenye baridi vikawa vyeupe pe. Vifungo vya gauni akafungwa na binti yake, ambaye hung'arisha mawe karakana hiyohiyo. Tajiri, mwenye karakana, akasema huo ni ugonjwa wa ukoo.

"Ukoo upi? Bibi yangu alisuka mikeka mpaka uzeeni!"

Daktari alipopiga picha ya kifua alikuta makovu ya vumbi la mawe. Akamweleza kwamba vumbi hilo likishakaa mapafuni, kinga ya mwili hupigana nalo bila kupumzika, na kwa watu wengine huishia kuvishambulia viungo vyao wenyewe.

"Hakuapa kwamba vidole vyangu vimeharibiwa na vumbi," anasema. "Ila ameona mafundi wa mawe wengi wa namna yangu. Akaniambia niondoke. Niondoke nimwachie mwanangu vumbi? Thubutu!"

Akawafundisha wenzake kuchora mstari kwa ncha ya msumari, maji yasiufute. Kisha akang'oa mpini. Tajiri akafoka kwamba kazi inachelewa, akamwonyesha mlango.

Binti yake akamvuta aproni. "Mama, tutafukuzwa wote!"

"Tufukuzwe tukiwa tunapumua."

Msumeno wa kwanza ukazimwa, wa pili ukafuata. Mafundi wote wakaketi juu ya mawe mpaka tajiri akarudi ofisini. Tangu siku hiyo hakuna aliyekata kikavu.

Sasa anapanga kupita karakana zote za mtaa huu na msumari wake, mlango hadi mlango. Mapafu yake hayatapona, anajua, na hilo linamkasirisha waziwazi. Ya binti yake bado mazima.

Namwambia nimesikia tajiri anakuja kesho na mpini mpya. Anacheka mpaka anakohoa.

"Alete. Aproni hii ina mifuko miwili."