Damu Iliyosikika Mguuni

Juzi nilipanda lori la kijiji pamoja na jirani yangu, mkulima wa kijiji chetu cha Janga, na mkewe, hadi hospitalini Kibaha. Kidonda cha mguuni cha jirani huyo kilikataa kupona, vidole vilikuwa baridi, na alishaambiwa huenda mguu ukakatwa.

Daktari alimpaka mafuta mazito kifundoni, akagusisha chombo chembamba kama kalamu, chenye waya uliokwenda kwenye kipaza sauti kidogo. Kimya. Mkewe akafumba macho. Daktari akakisogeza, tukasikia, "Shwaa, shwaa."

"Ni nini hicho?" mkewe akauliza.

"Damu yake, mama. Inapita kwa shida, lakini inapita. Hatukati. Tutatibu kidonda."

Mgonjwa akasema, "Hebu tena, daktari."

Akasikiliza, machozi yakimtoka. Sisi wengine hupenda kujisikiliza tukiongea. Yeye alijisikiliza akiwa amenyamaza.