Twita Zilizoungua Malampaka

Maspika yale nimeyatengeneza mimi. Naanza na hilo kwa sababu ukweni kwangu hakuna anayelijua, na kwa muda mrefu nilimlaumu mume wangu kwa hilo.

Nina duka la vifaa vya umeme hapa Bariadi. Mbao nilikata mwenyewe, masanduku mawili yanayomfika mtu kifuani, ndani nikajaza pamba iliyotolewa mbegu ili sauti isigongegonge kwenye kuta. Kilichonitoa jasho ni krosova. Hii yangu inatumia umeme wake yenyewe, na inagawa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya: besi njia yake, sauti za katikati njia yake, zile nyembamba za twita, vispika vidogo vya juu, njia yake, na kila njia ina amplifaya yake. Ukikosea ukapeleka besi kwenye twita, twita inakufa papo hapo. Mume wangu ni mwalimu wa Historia. Alinisaidia kupiga msasa na kusifia, lakini mambo ya waya hayajui hata kidogo.

Majirani waliposema mwalimu katengeneza muziki mkubwa, hakukana. Alicheka tu. Nami nikanuna kimoyomoyo, nikaendelea na mambo yangu.

Kisha mdogo wake wa mwisho akapata kipaimara, na sherehe ikawa nyumbani kwao Malampaka. Tuliyapakia maspika kwenye kirikuu, nikayaunganisha mapema kabla wageni hawajafika, halafu nikaenda jikoni kama mkamwana anavyotakiwa. Muziki ulipiga safi, mpaka unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Baba mkwe akamshika mume wangu bega mbele ya watu.

"Huyu mwanangu ana kichwa!"

"Kawaida tu, baba," akajibu.

Kawaida tu! Mimi nilikuwa pale pale, nimepiga magoti na birika, nawanawisha wazee mikono. Nilitamani kummwagia yale maji.

Haukupita muda, vijana wakaisogeza meza ya amplifaya kukimbia jua, na waya zikachomoka. Mume wangu akainama kuzirudisha. Nilimwona ameshika waya za twita, anazipeleka kwenye amplifaya ya besi. Akainua uso, akanitafuta kati ya watu, akaniona. Nilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu, kumkataza. Hakuna ambaye angejua, heshima yake ingebaki na maspika yangu yangepona. Nikainamia beseni, nikammiminia maji mzee ambaye alikuwa ameshanawa.

Twita zilitoa kelele moja kali, zikanyamaza. Harufu ya kuungua ikasambaa chini ya turubai, na muziki uliobaki ukawa wa puani, kama wa simu. Watu wakaguna, wengine wakacheka. Nilifurahi, kusema kweli. Nilifurahi kwa muda mfupi sana.

"Si mkeo ndiye mwenye duka la hivi vitu?" shangazi yake aliuliza kwa sauti ya juu. "Kakupa vibovu huyo!"

Nafasi ya kujitoa ilikuwa wazi. Angeweza kusema kila kitu, kwamba maspika ni ya mke wake na ubovu ni wa mke wake, na wote wangemwamini.

"Hapana, shangazi," akasema. "Vitu vyake ni vizima. Nimeharibu mimi."

Baba yake akageuka, akaenda kukaa na wageni wengine. Mume wangu akabaki amesimama katikati ya yale masanduku, hajui mikono aiweke wapi. Aibu ile ilikuwa yangu, na yeye ndiye aliyekuwa ameibeba mbele ya ukoo wake wote.

Tulipokuwa tunarudi Bariadi, aliniambia, "Nilikuangalia. Nilipoona umenyamaza, nikajua nimepatia."

Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananieleza tu ilivyotokea. Heri angenifokea.

Twita mpya zimefika wiki hii. Jana alikuja dukani, akavuta kiti, akaniomba nimwonyeshe waya zote, upi unakwenda wapi, asije akaniharibia kazi yangu tena. Kazi yangu, ndivyo alivyosema. Nilimwonyesha, na kila waya nikaufunga utepe wa rangi yake. Akauliza kama lile kosa lake la Malampaka lilikuwa kubwa sana. Nikamwambia ni kosa ambalo mtu yeyote angelifanya.