Mkata Miti Aliyedai Jina

Wengine mtasema nilikuwa na homa, au kwamba mimba huvuruga akili ya mwanamke. Semeni tu, nimezoea. Mimi nilikuwa pale, viganja vyangu vimechubuka kwa mpini wa panga, na mume wangu aliyelaliwa na mti yuko hai mpaka leo. Anachechemea. Sikusimuliwa haya na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, tena alasiri, jua likiwa bado juu ya ziwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeolewa Seme, kando ya ziwa, kutoka kwetu Kajulu, ndiyo maana pale kwa wakwe zangu kila mtu aliniita Nyar Kajulu, yaani binti wa Kajulu. Ouma, mume wangu, alikuwa fundi wa baiskeli mjini Kisumu, na tulipanga chumba mtaa wa Manyatta. Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa nane akanileta nyumbani nikae na mama yake. Mama alikuwa mjane, macho yake yamefifia kabisa, lakini masikio yake yangesikia kuku akikanyaga jani nyuma ya nyumba.

Kazi za boma mnazijua. Kuchota maji ziwani kabla jua halijawa kali, kufagia uwanja, kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kukandika sakafu kwa samadi mwisho wa wiki. Hizo niliziweza, polepole. Kuni ndizo zilinishinda, kwa sababu sikuweza tena kuinama na kunyanyuka na mzigo. Ouma akasema atanikatia kuni za kunitosha mpaka mtoto aanze kutambaa. Akaazima kwa rafiki yake pawa, ule msumeno wa petroli wa kukatia miti, akaja nao Jumamosi moja ameufunga kwenye baiskeli kwa mpira.

Nyuma ya boma letu kulikuwa na boma la kale la babu yake Ouma, ambalo watu walilihama zamani. Nyumba zilikwisha kuanguka, kikabaki kichaka, ua wa minyaa, na mikaratusi mitatu mikubwa kwenye mteremko. Mama aliposikia kwamba kuni zitatoka huko alimwita Ouma.

"Kata ule wa pembeni," alisema. "Wa katikati uache."

"Kwa nini, Mama?"

"Uache tu."

Lakini wa pembeni ulikuwa mwembamba, na Ouma ni mtu wa kufanya hesabu zake mwenyewe. Alikata wa katikati.

Siku hiyo karibu kijiji kizima kilikuwa kimekwenda mazishini, mbali, upande wa Kombewa. Nilikuwa nimempelekea Ouma uji. Mti ulianza kuanguka vizuri, kisha ukajipinda na kuegemea mwenzake. Ukaning'inia hapo. Badala ya kuuacha, Ouma aliingia chini yake aukate tena kwenye shina. Nilimwambia atoke. Sijui kama alinisikia kwa kelele za mashine. Gogo liliruka kama ng'ombe anayepiga teke, likabingirika, na kelele zote zikakoma mara moja.

Nilimkuta amelala chali, kichwa upande wa chini wa mteremko, gogo limemkalia mapajani. Mnyororo wa pawa ulikuwa umekatika na umejizungusha kwenye nyasi.

"Usilie," aliniambia. "Lete panga."

Umewahi kukata mkaratusi mbichi kwa panga, mti mnene kuliko pipa, na tumbo la miezi minane? Nilikata. Kila nilipopiga, mtetemo ulimfika mifupani naye akapiga ukelele, kisha akaniambia niendelee. Nilichopata ni vipande vidogo kama maganda ya muhogo. Halafu nikaona kwamba gogo lilikuwa linateremka. Taratibu, upana wa kidole, kisha upana wa kidole tena, likipanda kutoka mapajani kuelekea tumboni kwake.

Nikakimbia. Niliingia maboma manne. Nilikuta mbwa, nikakuta mbuzi waliofungwa, nikakuta milango imefungwa kwa kufuli. Nilisimama njiani nikapiga nduru mpaka sauti ikakatika. Hakuna aliyeitikia. Mama peke yake ndiye aliyekuwa nyumbani, naye angefanya nini, mzee asiyeona?

Niliporudi midomo ya Ouma ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Akaanza kunipa maagizo, kwamba mtoto akizaliwa nifanye hivi na hivi. Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Nilipiga magoti pale, nikamwomba Mungu. Niliomba kwa maneno yote ya kanisani niliyoyajua. Yalipokwisha, nilisema neno ambalo, kama ningeweza kulirudisha, ningelirudisha. Nilisema, "Yeyote anayenisikia, aje."

Nikasikia pawa ikinguruma.

Ilitoka upande wa minyaa. Akaja mwanamume ameishika mkononi, mashine kubwa ya zamani yenye kutu. Jua lilikuwa linachoma, lakini yeye alivaa koti zito na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Viatu vyake vya mpira vilijaa udongo mwekundu. Niamini, Seme yetu pale udongo ni mweusi. Na alipopumua, mvuke ulimtoka mdomoni, kama mtu aliyesimama kwenye baridi kali.

"Nyar Kajulu, sogea," alisema. Kijaluo chake kilikuwa cha pale Seme hasa. Sikuwahi kumwona mtu huyo.

"Baba, tusaidie. Anakufa."

"Nitamtoa. Huyo uliye naye tumboni mtamwita jina langu."

Sasa wewe ungesema nini? Ungeketi ufikirie?

"Tutamwita," nilisema. "Mtoe tu."

Akakata mahali pawili, kushoto na kulia kwa Ouma. Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa, lakini sikunusa petroli, wala unga wa mti haukuruka. Kipande cha katikati kilipoachia, alikiinua kwa mkono mmoja tu, nami nikamvuta Ouma kwa makwapa. Ouma alikuwa amezimia.

"Jina lako ni nani?" nilimuuliza yule mtu. Ndiyo, niliuliza baada ya kuahidi.

"Owiti," alisema. "Nimechoka na baridi."

Niliinama kusikiliza kama Ouma anapumua. Nilipoinua kichwa, hapakuwa na mtu. Minyaa haikutikisika. Kwenye nyasi palibaki donge la udongo mwekundu.

Waliotoka mazishini walitukuta jua likizama, wakampeleka Ouma hospitali kwa pikapu ya jirani. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili, na nyonga imepasuka. Mimi nilibaki na Mama. Aliketi jikoni bila kugusa chakula.

"Nilisikia misumeno miwili," alisema. "Wa kwanza wa mwanangu. Wa pili wa nani?"

"Mtu mmoja alitusaidia. Alisema anaitwa Owiti."

Mama alishika ukuta. Moto ukaisha, nami nikaogopa kuuchochea. Ndipo akanieleza. Owiti alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mume wake. Aligombana na baba yao juu ya mpaka wa shamba, mzee akaapa kwamba kijana huyo asikanyage tena nyumbani, hai wala maiti. Owiti akaenda kwenye misitu ya juu yenye baridi kali, upande wa Timboroa, akawa mkata miti. Huko mti ukamwangukia akafa. Habari zilipofika mzee naye alikwisha kufariki.

"Mume wangu alitaka kwenda kumchukua," Mama alisema. "Mimi ndiye niliyemzuia. Niliogopa laana ya mzee ingeingia hapa pamoja na maiti. Wenzake walimzika kambini. Hapa hakuna aliyelia. Ule mkaratusi wa katikati aliupanda yeye."

"Mama, nimemwahidi jina."

"Jina hilo haliitwi katika boma hili."

Kesho yake wazee walikwenda kuutazama mti, nami nikafuatana nao. Mahali alipokata Ouma palikuwa pabichi, utomvu unatiririka. Lakini ile mikato miwili ya pili ilikuwa ya kijivu, imepasuka kwa jua, mchwa wamejenga ndani yake, kama iliyokatwa miaka kumi nyuma. Wazee walitazamana. Mmoja akavua kofia. Kuni zile hakuna aliyezichukua, hata wapita njia.

Nilijifungua wiki tatu baadaye, mtoto wa kike. Nilicheka kwa furaha, kwa sababu niliona nimefunguliwa kutoka kwenye ahadi: jina la mwanamume angepewaje msichana? Tulimwita Rosa. Mama mwenyewe ndiye aliyechagua.

Rosa hakunyonya. Siku ya kwanza tulisema amechoka. Siku ya pili nikampeleka zahanati, wakampima, wakasema hana ugonjwa wowote. Nilikamua maziwa nikamnywesha kwa kijiko, akatapika. Mwili wake ulikuwa baridi, ingawa lilikuwa joto lile la kabla ya mvua, na mimi nikimfunika kwa blanketi mbili. Siku ya nne utosi ulikuwa umebonyea, na nilipofinya ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama. Hakulia tena. Mume wangu yuko hospitali na mguu ndani ya plasta, na mimi peke yangu namtazama mtoto wangu akiondoka. Mwanamke aliyewahi kuwa mahali hapo hahitaji nimweleze.

"Naliita lile jina," nilimwambia Mama.

"Ukiliita unamwingiza."

"Mama, mtoto anakufa. Mnataka kumzika nani sasa?"

Nikaliita kwa namna ya kike, Awiti, kama tunavyofanya kwetu, jambo nililojifanya nimelisahau siku ile nilipocheka. Mtoto alifungua macho, na hakunitazama mimi. Alimtazama Mama. Nilimpa ziwa, akafunga mdomo.

Mama akanyoosha mikono, nikamwekea mtoto. Akampapasa uso kwa vidole.

"Owiti, shemeji yangu," alisema. "Kaka yako hakukukataa. Ni mimi niliyekukataa. Nilijua uko peke yako kule na nikalala usingizi. Ingia nyumbani."

Mtoto akapiga chafya. Mama alinirudishia, na mtoto akashika ziwa akanyonya kwa nguvu mpaka chuchu ikatoka damu. Sikumwondoa. Mama aliinama pale alipoketi, akalia kilio cha matanga, kilio ambacho boma lile lilikuwa linakidai miaka yote hiyo.

Mngependa nimalizie hapo, sivyo? Hata mimi ningependa.

Awiti alikua, lakini hakuacha kuvaa sweta, hata mwezi wa kwanza jua likipasua mawe. Alipofikisha miaka mitatu nilikuwa namwogesha kwenye beseni akaniambia, kwa utulivu tu, "Kule juu maji yalikuwa yanaganda." Nani alimwambia habari za kule juu? Ouma alipoweza kutembea kwa mkongojo alikwenda Timboroa na binamu yake. Kambi ilikwisha kuhamishwa, makaburi yamepandwa miti juu yake. Walirudi na udongo mwekundu kwenye gunia, tukauzika ndani ya boma la kale kwa maombi, tukaamini yamekwisha.

Kisha siku moja, Awiti ana miaka sita, nilikwenda naye soko la Kibuye kuchagua nguo za mitumba. Niliachia mkono wake niitazame blauzi kwenye mwanga. Sikwenda mbali, labda hatua tano. Nyuma yangu nikasikia mtu mzima akisema, sauti nzito ya mwanamume, "Mnaniacha tena." Wanawake wote waliokuwa wameinama kwenye lundo la nguo waliinuka kutafuta anayesema. Alikuwa ni mtoto wangu, amesimama wima katikati ya watu, machozi yanamtiririka, na mvuke unamtoka mdomoni.

Leo Awiti ni mtu mzima. Amepanga nyumba mjini, mtaa wa Migosi, ana kazi yake, ananipenda, kila mwisho wa mwezi ananiletea samaki na sukari. Ni binti mwema. Lakini hawezi kubaki peke yake chumbani, mchana wala usiku, na wanaume wawili wamemkimbia bila kutaka kunieleza walichoona. Mama alikufa ameshika mkono wake. Nami nikimtazama akila, wakati mwingine najiuliza swali ambalo sijawahi kumwambia Ouma. Yule aliyekuwa akinicheza tumboni miezi minane, kabla sijatamka ahadi ile, alikwenda wapi? Nani anamlea? Nilimpokea mtu aliyeachwa na familia yake, na sijui kama sikumwacha wangu ili yeye apate nafasi.

Basi wewe unayenisikiliza, ukibanwa na shida, usiahidi kitu kabla hujajua unamwahidi nani. Na kama kwenu kuna mtu mliyemwacha mbali, mtu ambaye jina lake likitajwa wazee hubadilisha mazungumzo, waulizeni aliko. Waulizeni wiki hii. Mwendeeni wenyewe, kwa miguu yenu, mkamlie na mkamlete, kwa maana akija peke yake hatachagua mlango mnaoutaka ninyi.