Mpishi wa Mwanamapinduzi

Kionjo cha ile filamu iliyopigwa kwetu kilitufikia Kilosa kwa njia ya simu. Nilikuwa saluni kwangu, namsuka dada mmoja ambaye muda wote alikuwa anageuza kichwa huku na huku, mara achungulie nje, mara acheke na simu yake. Ghafla akatulia.

"Dada," akaniambia, "hii si ile nyumba ya meneja, kule kwenye mashamba ya zamani ya mkonge?"

Niliinama nikaangalia. Ilikuwa yenyewe, ila ilikuwa imepakwa rangi na kuwekewa mapazia. Mwanamume mwenye ndevu alikuwa amesimama juu ya kreti, anawahutubia wafanyakazi wa mkonge. Wakapita askari. Treni ikapiga honi. Kisha akaonekana msichana wa kitenge, amebeba sahani kwa mikono miwili, anatabasamu. Akaiweka mezani. Mkono wa yule mwanamume ukateleza kutoka mezani, picha ikawa nyeusi, yakatokea maandishi: "Adui hakuvuka mpaka. Alikuwa jikoni."

Mteja wangu alicheka kidogo, halafu akaizima simu. Alijua, kama nilivyojua mimi na kama ulivyojua mji mzima, ni nani aliyempikia mtu yule. Alikuwa shangazi yangu, ambaye wakati huohuo alikuwa stendi anapakulia watu wali maharage.

Inabidi nieleze. Zamani, enzi za vijiji vya ujamaa na foleni za sukari, nyumba ile ilikuwa makazi ya mwanamapinduzi kutoka kusini. Nchi yake bado ilikuwa inatawaliwa na wageni, na serikali yetu ilimhifadhi. Alikuwa Mmaksi wa kweli. Ukutani alikuwa na picha za wazee wenye ndevu nyingi kuliko yeye, na jioni aliwakusanya wakata mkonge akawafundisha habari za unyonyaji. Shangazi alikuwa msichana tu, ametoka Lumuma, ambako shule ya misheni ilimpa Kiingereza cha kutosha kuelewana naye. Ndiyo maana alipata kazi ile. Mwanamapinduzi alikataa kuitwa bwana. Alimwita shangazi "ndugu", naye akatakiwa amwite hivyohivyo. Akimaliza kula alisimama, akaenda kuosha sahani yake mwenyewe, na wakata mkonge waliokuwa wanamchungulia dirishani walikuwa wanavunjika mbavu.

Alifia katika nyumba ile, au njiani akitoka katika nyumba ile. Kwetu ilijulikana kwamba aliugua tumbo. Shangazi alipenda kusimulia habari zake. "Mimi nimempikia mtu mkubwa," alikuwa anawaambia madereva wa bajaji huku akiwaongezea mchuzi. Mwaka jana wapiga picha walipokuja Mikumi, na baadaye wakaja hadi kwenye nyumba ya mkonge, alivaa kitenge chake kizuri akakaa nje ya banda lake la chakula, tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kupinda. Alikuwa na hakika watakuja kumuuliza. Magari yao yalipita mbele yake yakaenda, yakarudi. Hakuna aliyesimama.

Sasa ndiyo nikaelewa kwa nini hawakusimama.

Siku ile nilifunga saluni mapema nikaenda stendi. Nilimkuta anapangusa meza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Wamenionyesha vijana wa bodaboda. Msichana mzuri wamempata. Mimi sikuwa mzuri hivyo." Aliendelea kupangusa meza ambayo ilishakuwa safi. Sufuria ya wali ilikuwa imejaa hadi juu, na muda wa chakula cha mchana ulikuwa umepita.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika taratibu, kiasi kwamba kila mtu angeweza kusema yeye hahusiki. Makonda waliokuwa wanakula kwake walianza kusema wameshiba. Dereva mmoja wa bajaji aliagiza ugali, ukaja, akauangalia, akapokea simu ambayo hatukuisikia ikiita, akaondoka. Watoto wa shule walikuwa wakipita wanashika matumbo na kujidondosha chini kwa mchezo. Asubuhi moja tulikuta neno SUMU limeandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Shangazi alilifuta kwa kitambaa chenye maji, akawasha moto, akabandika maharage kama kawaida.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, mtu mstaarabu, akakaa bila kuagiza kitu. "Mama," alisema, "si kwamba mimi naamini. Lakini filamu yenyewe bado haijatoka. Ungepumzika kidogo, mpaka watu waione."

"Na wakishaiona?"

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. "Basi tutajua."

Nilitegemea shangazi angekasirika. Lakini aliitikia kwa kichwa, na usoni mwake niliona kitu kilichonitia hofu kuliko neno lile la mlangoni. Alikuwa na hamu. Alikuwa anaisubiri filamu ile kuliko mtu yeyote Kilosa.

Nilimuuliza mchana mmoja, tukiwa uani tunamenya vitunguu alivyoletewa kutoka nyumbani kwao Lumuma. "Shangazi, kwa nini unataka kuiona? Watakutukana mbele ya watu."

"Wale wamesoma," alisema. "Wamezunguka nchi nyingi wakiuliza. Watakuwa wamejua."

"Wamejua nini?"

Aliweka kisu chini. Ndipo aliponiambia jambo ambalo katika hadithi zake zote za mtu mkubwa hakuwahi kulitaja.

Siku ya mwisho ya mwanamapinduzi alikuja mgeni kwa Landrova. Alikuwa mtu wa nchi ya mwanamapinduzi, wanazungumza lugha moja, na walikumbatiana mpaka machozi yakawatoka. Shangazi alichinja kuku. Akiwa anapika, mgeni aliingia jikoni, mahali ambapo mwanamume hakuwa na kazi. Akafunua sufuria. Akasema kwa Kiingereza, "Harufu nzuri, ndugu." Akaomba maji ya kunywa. Shangazi akatoka kuyachota kwenye tangi lililokuwa nyuma ya nyumba. Aliporudi mgeni alikuwa amesimama palepale, sufuria imefunikwa.

"Alikunywa maji?" niliuliza.

"Alishika kikombe tu. Na mezani hakula. Alisema safari imemvuruga tumbo."

"Na wewe?"

"Mimi huonja kila ninachopika, unanijua. Lakini ilikuwa Kwaresima. Nyama nilikuwa nimeiacha mpaka Pasaka." Alichukua kitunguu kingine. "Siku zote nikipika kuku naiona ile sufuria. Labda hakuna kitu. Labda ni ugonjwa tu, watu wanaugua. Siwezi kumsingizia mtu kwa sababu amefunua sufuria."

Jioni ile mwanamapinduzi alianza kutapika. Ilikuwa masika, mto ulikuwa umekata njia ya kwenda hospitali ya Kilosa, kwa hiyo wakata mkonge walimlaza nyuma ya gari la shamba wakageuza kuelekea Mikumi. Shangazi alikaa nyuma, amempakata kichwa. Mgeni hakwenda nao. Alisema atabaki kulinda nyumba.

"Mle njiani alifumbua macho," shangazi alisema. "Akaniangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, 'Ndugu, wewe umekula?' Nikamwambia sijala. Akafumba macho. Hakusema tena kitu, na Mikumi hatukumfikisha."

Tuliendelea kumenya vitunguu. Nilikuwa natokwa na machozi, na sikujua ni ya vitunguu au ya nini.

"Nimeishi na swali lile," alisema. "Alikuwa ananihurumia, kwamba nimeshinda na njaa? Au alikuwa ananipima? Ukimwambia mtu aliyelishwa sumu kwamba wewe mpishi hukula, atafikiri nini?"

Filamu ilitangazwa kuonyeshwa Mikumi kabla ya miji mikubwa, kuwashukuru wenyeji. Ingeonyeshwa Jumamosi alasiri katika ukumbi ulio karibu na barabara kuu. Nilijaribu kumzuia shangazi. Nilimwambia mgongo wake hautavumilia vile viti vya plastiki, nikamwambia mvua inakuja. Kweli mvua ilikuwa inakuja. Milima yote upande wa magharibi ilikuwa imejifunika. Akavaa kile kitenge chake.

Mikumi ilikuwa imejaa. Malori yalikuwa yamepangana kandokando ya barabara, na nyani walikaa juu ya paa la ukumbi wakituangalia tunavyoingia, kama wenye nyumba. Mle ndani nilitambua watu wengi wa Kilosa. Walimsalimia shangazi kwa heshima zote, shikamoo mama, shikamoo bibi, na kila waliposalimia walisogea. Tulipoketi, safu yetu ilibaki na viti vitupu pande zote mbili. Madirisha yakafunikwa kwa maturubai. Giza la mchana, lenye joto na harufu ya plastiki.

Sitaisimulia filamu nzima. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma. Watu walicheka mwanamapinduzi alipokosea Kiswahili na walipiga makofi alipowaambia wakata mkonge kwamba jasho lao lina thamani. Mara mbili nilisikia shangazi akicheka pia. "Ndivyo alivyokuwa," alininong'oneza. "Hata mikono anaitupa hivyohivyo."

Kisha ikafika siku ile. Msichana wa kitenge yuko jikoni, peke yake, anakoroga sufuria. Shangazi alinishika mkono. Aliegemea mbele, macho kwenye dirisha la jikoni lililokuwa nyuma ya yule msichana, na nilijua anachosubiri. Alikuwa anasubiri Landrova.

Landrova haikuja. Msichana alipakua chakula, akatabasamu, akabeba sahani. Mwanamapinduzi akala, peke yake mezani.

"Mgeni yuko wapi?" shangazi alinong'ona.

Nilimvuta akae vizuri.

"Mgeni yuko wapi?" Sasa alisema kwa sauti ya kawaida, na watu wa mbele wakageuka.

Kwenye skrini mwanamapinduzi alikuwa amelala kitandani, makomredi wamemzunguka, anawaambia maneno marefu juu ya ukombozi wa wanyonge. Mmoja wao alikuwa anafuta machozi. Shangazi akasimama.

"Hakusema hayo," alisema. "Mimi nilikuwepo. Alikuwa nyuma ya gari, kwenye barabara hii hii. Aliniuliza kama nimekula."

Hakuna aliyemwambia akae. Filamu iliendelea kusema peke yake mpaka mwisho. Maturubai yalipofunuliwa, watu walitoka haraka, wengine bila kumtazama. Mvua ilikuwa imeanza.

Dada mmoja alitufuata mlangoni. Alikuwa anatoka Dar es Salaam, ndiye aliyesimamia kazi ya filamu upande wa Tanzania. 

"Bibi, shikamoo. Samahani. Tuliambiwa ulishafariki."

"Marahaba. Nani aliwaambia?"

"Mshauri wetu. Mzee mmoja wa chama cha huyo mwanamapinduzi, walikuwa pamoja. Amekuwa mtu mkubwa sana kule kwao. Habari zote za siku za mwisho ametupa yeye. Za mpishi pia."

"Alikuwepo siku ile?"

"Alisema alifika baadaye, kwenye maziko."

Dada alitoa simu yake akatafuta picha. Nilimwona mzee wa suti amekaa kwenye kiti kikubwa, bakora katikati ya magoti, uso mpole. Shangazi aliichukua simu kwa mikono miwili. Aliiangalia kwa muda mrefu, matone ya mvua yakiidondokea, na mimi nikawa namwangalia yeye. Niliona mabega yake yanashuka, polepole, kama ya mtu anayetuliwa kuni kichwani.

"Basi," alisema. "Kumbe hakuwa ananipima. Alikuwa anahofia kwamba nami nimekula chakula kile."

"Bibi?"

"Huyu ndiye mgeni wa Landrova. Kama yeye amesema hakuwepo, basi nimejua." Akamrudishia simu. "Nilikuwa namtetea mtu huyu miaka yote."

Dada alituomba tukae, asikilize vizuri, arekodi. Shangazi alikaa akamwambia yote, kuku, kikombe, Kwaresima, huku yule dada akizidi kubadilika rangi. Mwishoni alisema atawaeleza wakubwa wake. Alisema pia, kwa sauti ndogo, kwamba mzee yule alikuwa amepangiwa kuja nchini kwa uzinduzi wa Dar.

Ulikuwa ukweli, lakini ukweli wa watu watatu na simu moja. Filamu ilikwenda Dar jinsi ilivyokuwa, na kwingine. Yule dada, niliyemwachia namba yangu, alinipigia mara moja kuniambia kwamba ameondolewa kwenye mradi ule, na kwamba ile rekodi hanayo tena. Aliongea kwa haraka. Nikampigia baadaye, simu yake haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Stendi, baadhi wamerudi. Dereva wa bajaji aliyekimbia ugali alikuja mwenyewe akaomba msamaha na akala kuku, akamaliza na mchuzi. Wengine hawatarudi, na shangazi hawangoji. Analala vizuri siku hizi, jambo ambalo anasema hakulifanya tangu ujana.

Mimi ndiye nisiyelala. Wiki iliyopita, nikiwa saluni, simu yangu iliita kwa namba ya nje ya nchi. Sauti ya mwanamume, ya upole, yenye Kiswahili cha kujifunza, iliuliza kama bibi aliyekuwa mpishi bado anaishi Kilosa, na kama anaishi peke yake. Niliuliza anayeongea ni nani. Akashukuru, akakata.

Nilimwambia shangazi. Alikuwa anapembua mchele, na hakuinua kichwa.

"Akija," alisema, "mwonyeshe njia."

Nimehamia kwake tangu siku ile. Kila gari geni linapopunguza mwendo pale kwenye kona ya stendi, mimi naacha nilichoshika nasimama mlangoni, mpaka lipite.