Kicheko Walichokikata

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila ninapowasikia mkibishana mbele ya televisheni kama wale waliofungiwa nyumba moja wanagombana kweli au wanaigiza. Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, hivi yule dada analia kweli?" Nikamjibu kwamba machozi ni ya kweli. Habari iliyo nyuma ya jibu hilo sikumwambia. Leo nitaisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nashona nguo kwenye kibaraza pale Lizaboni, mjini Songea. Wakaja vijana watatu wenye kamera, wanatengeneza kipindi cha maisha halisi ya wasichana wanaojitafutia riziki mikoani. Wakanichagua mimi. Lo, kichwa kilivimba! Nikawa nachana nywele asubuhi hata kabla ya kusali. Kiongozi wao, kijana mpole mwenye maneno matamu, aliniomba nifungue mlango wa chumba changu mara ya pili, mara ya tatu, kwa kuwa mwanga haukumpendeza. Nilipiga hata miayo ambayo sikuwa nayo. Niliona ni mchezo tu.

Wiki ya tatu baba yangu akafariki. Badala ya kuwaambia wale vijana wasubiri, niliwaruhusu waje msibani, nyumbani kwetu Bombambili.

Baba alikuwa na mtani wake, Mama Anjela, Mhehe aliyehamia Songea na mumewe mwalimu. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, siku hizi tunatukanana kwa upendo, na msibani mtani ana kazi yake. Basi Mama Anjela akaingia uani kavaa koti la marehemu, kashika na fimbo yake, anachechemea vile vile alivyochechemea baba. "Ninyi watoto," akafoka kwa sauti ya baba, "mmekaa mnalia tu, kuku wangu nani kawafungia?" Kisha akaligeukia jeneza. "Na wewe Mngoni mwoga! Umesikia Wahehe tunakuja, ukaona bora ufe!" Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, alicheka hadi akashika mbavu, halafu kikamtoka kilio kilichokuwa kimemkwama kifuani. Ndiyo dawa ya mtani hiyo. Kila mtu alijua yule si baba, na kila mtu alimwona baba.

Kiongozi wa kamera akaniinamia sikioni. "Dada, huyu mama anawadhalilisha. Mfukuze. Kasirika kidogo, watazamaji wataguswa."

Yeye alikuwa mgeni, hakujua. Mimi nilijua, mwanangu. Nilijua, na bado nikainuka, nikamvua Mama Anjela lile koti mbele ya kamera, nikampigia kelele, "Toka! Huna adabu, hapa ni msibani!" Akacheka sana, akidhani namrudishia utani. "Haya, naenda," akasema, "leo Mngoni umeniweza!"

Kipindi kilipoonyeshwa tulijazana sebuleni kwa jirani. Nikamwona Mama Anjela akimtukana maiti. Nikajiona nikimfukuza. Kicheko cha mama kilikatwa, kicheko cha Mama Anjela kilikatwa, na neno utani halikutajwa kabisa. Yote yaliyoonyeshwa yalitendeka, na bado ulikuwa uongo. Usione vyaelea, vimeundwa. Wageni waliokuwa pale walinipigia makofi, nami nikayapokea.

Wanafunzi wakaanza kumwimbia mwalimu kwamba mkewe anatukana wafu. Siku chache baadaye Mama Anjela akaja kibarazani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia taratibu, asikae.

"Nina swali moja tu," akasema. "Siku ile, ulinifukuza au ulinitania?"

Ningeweza kusema nilimtania. Lakini anayetania humwangalia mwenzake machoni, nami siku ile nilikuwa naiangalia kamera. Nikainamisha kichwa.

"Basi nimeelewa. Mimi nililivaa lile koti ili mama yako apone. Wewe ulinivua ili apone nani?"

Niliomba msamaha, siku ile na siku nyingine nyingi. Alinisamehe, ni Mkristo. Ila maji yakimwagika hayazoleki.

Unauliza kwa nini watu wanavipenda vipindi hivi. Sikulaumu, hata mimi navitazama. Sikio halilali njaa, jicho nalo vivyo hivyo. Tunapenda kuona nyumba ya mwenzetu imeezuliwa paa, tukae kwenye kochi tuwe mahakimu, na aibu zetu zipumzike kidogo. Mtu akilia pale, tunajisikia hatuko peke yetu. Hilo si dhambi. Lakini utani nao ni maigizo, mwanangu, na hauna uongo, kwa sababu wote waliopo wanajua. Kinachoumiza ni pale mmoja anapocheza na mwenzake hajui kwamba anachezewa.

Kwa hiyo tazama, ucheke ukitaka, ila jiulize kabla ya kumhukumu mtu: kabla ya hapa palikuwa na nini, na baada yake nini kimekatwa? Na siku kamera ikikugeukia, hata hiyo ya simu yako, usimtoe mtu wako ili wageni waguswe. Wageni watasahau kesho yake. Mtu wako hatasahau.

Miaka minne baadaye mama yangu naye akafariki. Mama Anjela alikuja. Alikaa mkekani na akina mama wa jumuiya, akanipa mkono, akasema, "Poleni na msiba," kama anavyosema mpita njia. Kanga za mama zilikuwa zimekunjwa kitandani, hakuna aliyezivaa. Tulizika bila mtu kucheka, na kilio changu hadi leo hakijatoka chote.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watani wengi, na siku yako ya machozi usikose hata mmoja wa kukutukana.